Sheria Inayotafuta Mlango Migombani

Desemba iliyopita nilialikwa kwenye shughuli ya kipaimara huko Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi. Turubai lilifungwa uani, kati ya nyumba na migomba, viti vya plastiki vikapangwa kwa safu, na mbele kabisa, karibu na spika, ukatandikwa mkeka wa watoto. Kuwaweka mbele ni kuwapenda, ili waone vizuri na wasikanyagwe. Ibada ilikuwa imekwisha tangu mchana. Saa 12 jioni ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ikaingia, imebebwa na wapishi wawili wanaocheza, ina majani mdomoni, na watoto wakaikimbilia kwa vifijo. Hadi hapo sidhani kama kuna mzazi ambaye angenyoosha kidole.

Saa 2 usiku MC akatangaza mashindano ya kucheza. Washindani walikuwa wale wale wa mkekani. Muziki uliowekwa ni ule unaopigwa klabu saa 7 usiku, wenye maneno ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya mkwewe. Msichana wa miaka kama 9, bado amevaa gauni jeupe aliloshonewa kwa ajili ya kipaimara cha dada yake, akashika magoti, akainama na kuanza kukata kiuno kama alivyoona kwenye simu. Wageni wakashangilia. Mmoja akainuka na noti ya shilingi 2,000, akambandika kwenye paji la uso kumtunza, na wengine wakafuata. Bibi aliyekaa jirani nami aliinamisha macho, akaifunga upya khanga yake kiunoni, hakusema kitu. Mimi nami sikusema kitu, na ukimya ule umenisumbua tangu siku hiyo.

Kwa sababu ya mkeka ule, kila ninaposikia pendekezo la sheria ya kuzuia burudani za watu wazima mahali palipo na watoto, hulisoma kwa makini. Mapendekezo ya namna hii huzuka mara kwa mara, bungeni, kwenye vikao vya madiwani, makanisani na misikitini, na mara nyingi huja baada ya video fulani kusambaa. Nia yake ni njema na mimi naiunga mkono. Kinachonipa shida ni neno moja ambalo hupitwa haraka: mahali. Sheria inaposema mahali palipo na watoto, au mahali ambapo mtoto haruhusiwi, inadhani kwamba mahali hapo pana mipaka, kwamba kuna ndani na nje, na kwamba pale mpakani amesimama mtu wa kuuliza umri. Moshi mjini, mahali kama hapo pako. Ukipanda mlimani, hapaonekani.

Tuanze na sheria tulizo nazo, maana hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inamtambua mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza kumruhusu mtoto kuingia baa au klabu ya usiku, na jukumu la kuhakikisha haingii inambebesha mwenye biashara. Inakataza pia kumuuzia pombe na sigara. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ndiyo inayoipa Bodi ya Filamu kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja. Kanuni za maudhui ya utangazaji za mwaka 2018 zinataka vipindi visivyofaa watoto visubiri hadi saa 3 usiku. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawaandama wanaosambaza picha za ngono, na kwa ukali zaidi zile za watoto. Zote hizi zinafanya kazi kwa njia moja: zinamtafuta mlinda mlango. Baa ina mwenye leseni, sinema ina dirisha la tiketi, televisheni ina mkurugenzi anayejulikana ofisi yake ilipo. Sheria inamshika mtu huyo na kumwambia, wewe ndiye utakayejibu.

Hiyo ni akili nzuri. Sheria isiyojua nani atajibu huishia kwenye tangazo la redio. Na pale penye mlango, sheria yetu inaweza kufanya kazi ikisimamiwa: baunsa wa klabu mjini anaweza kudai kitambulisho, polisi wanaweza kupita usiku, leseni inaweza kufutwa.

Lakini marufuku yetu makubwa kuliko yote kuhusu watoto na kumbi za starehe hayakutokana na sheria hizo. Yalitokana na msiba. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idd el Fitri, watoto wa mji wa Tabora walijazana katika ukumbi wa Bubbles kwa ajili ya disko toto. Waliokulia miaka ya 1990 na 2000 wanalijua disko toto vizuri. Siku ya sikukuu, mchana, ukumbi wa wakubwa ulifunguliwa kwa watoto kwa kiingilio kidogo. Kulikuwa na soda, biskuti, muziki na taa za rangi, kabla wakubwa hawajachukua zamu yao jioni. Mtoto aliweka akiba ya fedha za sikukuu wiki nzima kwa ajili ya saa zile mbili. Siku ile ya Tabora ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikapungua, watoto wakakanyagana. Takribani 20 walikufa, na wengine wengi wakajeruhiwa.

Tangu hapo disko toto limepigwa marufuku, na kila zinapokaribia Idd, Krismasi na Mwaka Mpya makamanda wa polisi wa mikoa husimama mbele ya vipaza sauti kulirudia katazo hilo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anafikia utu uzima, na huenda hajui kwa nini neno disko toto likitajwa wazazi wake hunyamaza.

Tuliangalie katazo hili kwa utulivu, kwa heshima ya wale waliozikwa. Watoto wa Tabora hawakuuawa na nyimbo, wala na namna ya kucheza. Waliuawa na msongamano na ukosefu wa hewa, na kwa sababu hapakuwa na watu wazima wa kuhesabu vichwa na kusema ukumbi umejaa, sasa basi. Hilo ni kosa la jengo na usimamizi. Dawa yake inajulikana: idadi maalumu ya watu kwa ukumbi, milango ya dharura isiyofungwa, ukaguzi wa zimamoto, mtu mzima mmoja kwa watoto kadhaa. Badala yake tuliichukua shughuli yote tukaizika. Naelewa kwa nini. Baada ya msiba kama ule hakuna kiongozi ambaye angesimama kuwaambia wazazi kwamba disko litaendelea ila kwa masharti.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akione. Hatari mbili zilichanganywa zikawa moja: hatari ya mwili na hatari ya maadili. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukisema disko toto limekatazwa ili kulinda maadili, ilhali lilikatazwa kwa sababu watoto walikosa hewa. Na pamoja na kasoro zake, disko toto lilikuwa na sifa ambazo sheria yoyote ya kumlinda mtoto ingezipenda. Lilikuwa mchana. Lilikuwa la watoto, si la wakubwa waliobeba watoto. Lilikuwa kwenye ukumbi wenye anwani na mwenyewe anayejulikana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika ibara ya 31 haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa na utamaduni. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, tuliouridhia mwaka 2003, unarudia jambo hilo katika ibara ya 12. Tulipofunga mlango mmoja hatukuitafutia haki hiyo mlango mwingine. Kwa maoni yangu, mtoto aliyefukuzwa ukumbini mchana ndiye tunayemwona usiku mkekani kwenye shughuli ya wakubwa, akicheza muziki wao, kwa saa zao, kwa noti zao.

Sasa tupande mlimani. Ukitoka stendi ya Moshi kwa daladala ya Kibosho au Kirua, haipiti nusu saa kabla barabara haijamezwa na kivuli cha migomba. Hapo maisha yanapangwa na kihamba: nyumba, kahawa na migomba, ng'ombe zizini, makaburi ya wazee upande wa juu, na njia nyembamba inayokwenda kwa kaka au kwa baba mdogo. Kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, mara nyingi ni kona ya kihamba hicho hicho. Utakuta benchi mbili chini ya bati, ndoo zilizofunikwa, na kata zimening'inizwa kwenye msumari. Jiko ambamo mbege imepikwa ndilo linalopika uji wa watoto asubuhi.

Mbege yenyewe ni kazi ya siku nyingi. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka zibadilike rangi, zikaachwa zichachuke, kisha zikachujwa. Ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa, hupikwa uji. Gome la msesewe hutia ule uchungu ambao mnywaji wa mbege huutafuta kwanza ulimini. Kwa kawaida ni kazi ya mama. Watoto huteka maji, huchanja kuni, hushika chujio. Fedha yake ndiyo inayonunua sare na madaftari. Mbege hiyo hiyo hupelekwa kwenye posa, hunywewa kwenye matanga, na hutolewa wazee wanapokaa kupatanisha ndugu waliogombania mpaka. Katika vikao vyote hivyo mtoto yupo, kwa sababu ni kwao.

Hebu tulete pendekezo la sheria kwenye benchi hizi mbili. Ukisema mtoto asiwepo mahali panapouzwa pombe, umemwambia mtoto asiwepo nyumbani kwao. Ukisema pombe isiuzwe mahali palipo na mtoto, umemwambia mama afunge kazi inayomsomesha mtoto huyo huyo. Ukisema mwenye kilabu aweke mlango na mlinzi, atakutazama kwa huruma.

Wala sisemi kilabu ni mahali salama kwa mtoto. Nimewahi kukaa kwenye benchi hizo na kusikia matusi ambayo mtoto wa darasa la pili aliyakariri pale pale, akiwa ameshika jagi. Zamani walevi walikuwepo na matusi yalikuwepo. Sikubaliani na wanaosema enzi za wazee kila kitu kilikuwa sawa. Lakini siku hizi kumeongezeka kitu ambacho kilabu cha zamani hakikuwa nacho, spika ndogo inayounganishwa na simu, na simu yenyewe inayopitishwa mkono kwa mkono ikionyesha video. Burudani iliyokuwa na ukumbi wake mjini imepanda mlima ndani ya mfuko wa suruali. Hiyo ndiyo inayoitaka sheria leo, zaidi ya kata ya mbege.

Kuna msomi mmoja ambaye kila anayeandika rasimu ya sheria kwa ajili ya Kilimanjaro angepaswa kumsoma. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia na mwanasheria wa Marekani, alifanya utafiti wa miaka mingi kati ya Wachagga, na mwaka 1986 akatoa kitabu kuhusu sheria za mila za Kilimanjaro katika kipindi cha miaka 100. Kabla ya hapo, mwaka 1973, aliandika makala inayolinganisha vitu viwili ambavyo huwezi kuvifikiria pamoja: biashara ya nguo ya New York na vihamba vya Wachagga. Alichoonyesha ni kwamba sheria ya dola haiangukii kwenye uwanja mtupu. Inakuta watu ambao tayari wana kanuni zao, madeni yao, aibu zao na namna zao za kuadhibiana, na kanuni hizo ndizo zinazoamua sheria mpya itafika wapi na itafika ikiwa na sura gani. Alitoa mfano wa sheria za ardhi za baada ya Uhuru: karatasini mambo yalibadilika sana, lakini vihamba viliendelea kurithiwa ndani ya ukoo karibu kama zamani, kwa sababu majirani na ndugu ndio waliokuwa na nguvu ya kumfanya mtu aishi kwa raha au kwa taabu.

Nikiurudia mkeka wa Uru kwa macho ya Moore, naona kitu ambacho sikukiona usiku ule. Bibi aliyeinamisha macho alikuwa na kanuni. Haikuwa na sauti kwa sababu mwenye sauti alikuwa MC, na MC alikuwa amelipwa kutoka mjini, hana shangazi pale wala mkwe. Kanuni za kijiji zinamshika mtu wa kijiji. Mgeni mwenye kipaza sauti hazimshiki, na sheria ya serikali nayo haimwoni kwa sababu hana ukumbi.

Majirani zetu wa Kenya wamejaribu njia ya umbali. Sheria yao ya vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuingia sehemu ambako pombe inanywewa. Julai 2025 serikali yao ikatangaza sera mpya yenye mapendekezo makali zaidi: umri wa kunywa upande hadi miaka 21, na pombe isiuzwe kwenye maeneo kadhaa ambako familia na watoto hukutana. Mjadala uliwaka. Wenye migahawa walilalamika, wazazi wengi wakashangilia, na mimi nikiwa Moshi nikafikiria bembea.

Maana bembea imekuwa kitu cha kawaida katika baa zetu za familia. Jumapili mchana, baada ya misa au ibada, baba na mama huja na watoto kula nyama choma au kitimoto. Pembeni kuna bembea mbili, kibao cha kuteleza, wakati mwingine lile jumba la kujazwa hewa. Watoto hucheza mchangani, wazazi huagiza. Mwenye baa hana nia mbaya. Ameona familia hazina pa kwenda, akaziwekea. Kisheria ana mtoto ndani ya baa. Kiuhalisia ana bustani ya watoto ambayo halmashauri haikujenga. Mimi ningekuwa diwani, kabla ya kupiga kura ya kuondoa bembea ile ningeuliza kata yangu ina viwanja vingapi vya watoto vyenye uzio, kivuli na choo. Pale ambapo jibu ni hakuna, kuondoa bembea ni kumrudisha mtoto kwenye kiti cha plastiki katikati ya chupa, maana wazazi wataendelea kuja.

Hata hivyo bembea ina saa yake. Saa 9 mchana mahali pale ni pa familia. Saa 3 usiku bendi imeanza, wachezaji wamepanda jukwaani wakiwa na nguo za kazi yao, meza zimebadilika sura, na bado kuna mtoto amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, amefunikwa koti la baba. Eneo ni lile lile. Kilichobadilika ni saa na kinachoonyeshwa. Sheria ya mita haiwezi kuliona hilo, lakini sheria ya saa inaliona vizuri kabisa. Utamaduni wa saa si mgeni kwetu: viongozi wamekuwa wakikumbusha kila mara kwamba siku za kazi baa zisifunguliwe kabla ya saa 10 jioni, na televisheni tayari ina saa 3 yake.

Linabaki swali la nini hasa ni burudani ya watu wazima, na hapa waandishi wa sheria duniani kote hujikwaa. Mwezi Machi 2023 gavana wa jimbo la Tennessee nchini Marekani alisaini sheria inayozuia maonyesho ya watu wazima kwenye maeneo ya umma na mahali popote ambapo mtoto anaweza kuyaona. Mjadala wake ulihusu hasa wasanii wanaume wanaovaa na kuigiza kama wanawake. Juni mwaka huo jaji wa shirikisho mjini Memphis akaitangaza kuwa kinyume cha katiba, akisema haieleweki vizuri na imetanda mno. Moja ya hoja ilikuwa maneno hayo ya mahali ambapo mtoto anaweza kuona, maana mtoto anaweza kuwa popote. Julai 2024 mahakama ya rufani ikauondoa uamuzi huo, kwa sababu kundi la sanaa lililofungua kesi halikuwa na haki ya kuifungua. Swali la maana ya maneno yale likabaki hewani. Nchi ile si yetu na mabishano yao yana mizizi yao, lakini maneno yale yakitafsiriwa na kuletwa kwenye kihamba, ambako mtoto yuko kila mahali, yatakuwa yamepiga marufuku kila kitu, na sheria inayokataza kila kitu humwachia askari kuchagua nani amkamate.

Hapa kwetu tuna mfano wa wimbo wa Chura wa Snura. Mei 2016 Serikali iliizuia video yake isionyeshwe, na ikamtaka msanii ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa kabla ya kupanda tena jukwaani. Katazo lilishika televisheni. Uwanja wa shule halikuushika, maana watoto walikuwa wameshaujua uchezaji ule kabla katazo halijatangazwa. Na tazama jinsi mstari ulivyo mgumu kuuchora: mbio za Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, zimebeba kwa miaka mingi jina la bia ya Kilimanjaro Premium Lager, na siku hiyo hiyo zina kilomita 5 za kukimbia kwa kujifurahisha ambazo familia nzima hushiriki. Je, hiyo ni burudani ya watu wazima palipo na watoto? Mimi nasema si hiyo tunayoihofia, na mtu mwingine mwenye akili timamu anaweza kunipinga. Sheria nzuri haituachii ugomvi huo, inataja kitendo. Inasema mtoto asichezeshwe uchezaji wa kingono mbele ya watu, asitunzwe fedha kwa uchezaji huo, asipewe pombe kuchekesha wageni. Vitendo hivyo vinaonekana kwa macho, mahali popote, bila kuuliza mlango uko wapi.

Katazo ambalo nimeliona likifanikiwa kwa macho yangu halikuhusu ukumbi hata kidogo. Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa Mirerani, upande ule wa pili wa uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe ya viroba isiuzwe tena nchini. Kiroba kilikuwa kifuko cha plastiki kinachoingia kwenye soksi ya mwanafunzi, kwa fedha ya andazi. Zilikuwepo sheria za kutomuuzia mtoto, lakini muuza genge hakuziheshimu na hakuna aliyekuwa akimwangalia. Serikali ikaacha kumfukuza muuza genge mmoja mmoja, ikakifuata kitu chenyewe kiwandani, ambako milango ni michache na inajulikana. Palikuwa na hasara kwa wenye viwanda, na pombe kali haikwisha. Ila kile kifuko kilitoweka kwenye mitaro ya Pasua na Majengo, mjini Moshi, ndani ya miezi, na walimu wakaacha kukiokota vyooni.

Kwa hiyo, kama halmashauri za mkoa huu zingeniomba ushauri kuhusu sheria ndogo, na zina mamlaka ya kuzitunga tangu sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, ningeanza na karatasi moja ambayo tayari ipo. Shughuli inayopiga muziki hadi usiku huombewa kibali kwa mtendaji na polisi. Kibali hicho leo kinauliza tarehe, mahali na saa ya kumaliza. Kiulize pia jina na namba ya simu ya MC na mwenye muziki, na saa ambayo sehemu ya watoto itakwisha. Kiwe na mstari unaokataza mashindano ya watoto ya kucheza kwa kutunzwa fedha. Mwenye shughuli asaini, MC asaini, nakala abaki nayo balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Hapo yule mgeni mwenye kipaza sauti anapata mtu wa kumdai, na bibi anapata karatasi ya kumshikia. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa vijijini na mitaani chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, zingepata kazi inayoeleweka usiku wa Jumamosi. Na disko toto ningelirudisha, mchana, kwenye kumbi za shule na parokia, kwa idadi iliyoandikwa mlangoni na zimamoto akiwa amekagua.

Kwa vilabu vya mbege sina karatasi ya kupendekeza, na hilo nililifikiria zaidi nilipokwenda Kirua Vunjo kwa mama mmoja anayepika mbege kwa zaidi ya miaka 20. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye benchi, akaninawisha mikono. Niliona kwamba mtoto wake wa kiume alipoitwa na mnywaji alete jagi, mama aliinuka akalipeleka mwenyewe. Saa 12 ilipofika akawaita watoto kwa majina, wakaenda na madaftari jikoni kwa bibi yao, nyumba ya nyuma, na hawakurudi.

Nikamuuliza nani alimwekea utaratibu ule.

"Mama mkwe," akasema. "Aliniambia benchi la wanaume lina maneno yake, mtoto asiyabebe kwenye jagi."

Nikaionyesha spika iliyokuwa ikipiga kwenye nguzo. Kijana mmoja alikuwa ameileta, na sauti yake ilifika mpaka jikoni kwa bibi bila taabu.

"Hiyo, mwanangu, imekuja juzi tu. Mama mkwe hakuiachia neno."

Nikamuuliza angependa nani aiwekee neno. Akamtaja mwenyekiti wa kitongoji. Kisha akawatazama wanywaji waliokuwa benchini, mmoja mmoja, akaongeza kwamba na wao wakae waiseme, maana watoto walioko kule jikoni ni wajukuu wao.